Nyumba Hii Haiuzwi



Ukitoka Sarit Centre ukashika Lower Kabete Road kama mtu anayekwenda Wangige, ukifika Spring Valley punguza mwendo uangalie malango. Kuna miti mikubwa, kuna michongoma iliyokatwa ikanyooka, kuna nyaya za umeme juu ya kuta, na kuna vibao. Vibao ni vya aina tatu. Cha kwanza kinasema nyumba inapangishwa. Cha pili kinasema nyumba inauzwa. Cha tatu hakina namba ya wakala wala picha ya sebule. Ni maneno mekundu yaliyopakwa ukutani kwa brashi: mali hii haiuzwi.

Nilipita huko na mgeni wangu kutoka Dar es Salaam. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, huku kwenu hata asiyeuza hutangaza?" Nikamweleza. Nairobi mtu anaweza kwenda ocha, yaani kijijini kwao, kuzika, akirudi akute nyumba yake imeoneshwa wateja, amana imelipwa, na hati ya bandia imeshapita mikono mitatu. Ndiyo maana mwenye mali huandika ukutani. Mgeni hakucheka tena. Nami nakuomba ulikumbuke neno hilo jekundu, maana leo nataka tuzungumze juu ya kununua nyumba na kupanga, na wengi wetu tunapoanza mazungumzo haya husahau kwamba kununua kwenyewe ni safari yenye wezi njiani.

Kilichonileta hapa ni binti wa kaka yangu. Ana miaka 38, kazi yake iko Westlands, watoto wake ni wawili, na amepanga fleti ya vyumba vitatu hapo Spring Valley kwa shilingi 110,000 kwa mwezi. Majuzi mwenye nyumba alimpigia simu: fleti naiuza, nataka milioni 20, nimekuambia wewe kwanza kwa kuwa u mpangaji mwema. Benki nayo ikasema haina neno, itamkopesha. Jumapili akanijia na bahasha ya karatasi, macho yanang'aa.

"Shangazi, nimechoka kumlipia mtu mwingine mkopo wake. Kodi ni pesa ya kutupa."

Nikamwambia, weka chai, kisha lete kalamu.

Tukaanza. Bei ni milioni 20. Benki inataka atoe milioni 4 mwenyewe, yeye ana hizo, amezikusanya miaka tisa kwenye sako. Serikali nayo inataka ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, yaani shilingi 800,000. Wakili simtaji, naye atataka chake. Kinachobaki kukopwa ni milioni 16, kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14, ambayo ndiyo riba ya mikopo ya nyumba iliyozoeleka hapa kwetu miaka hii ya karibuni. Malipo ya kila mwezi yakatoka kama shilingi 199,000. Mwezi wa kwanza, katika hizo 199,000, zaidi ya 186,000 ni riba tupu. Kinachopunguza deni ni shilingi 12,300 hivi. Binti akaichukua kalamu akapiga hesabu upya, akidhani nimekosea sufuri.

Sasa niambie, pesa ya kutupa ni ipi? Kodi ya 110,000 anayomlipa mwenye nyumba, au riba ya 186,000 atakayoilipa benki? Kodi ni bei ya kutumia nyumba ya mtu. Riba ni bei ya kutumia pesa za mtu. Anayenunua kwa mkopo bado ni mpangaji, ila sasa amepanga pesa, na mwenye pesa hana ubinadamu wa kusubiri mpaka tarehe 10. Miaka 20 ikiisha atakuwa amelipa benki karibu milioni 48 kwa mkopo wa milioni 16.

Halafu kuna zile milioni 4 na laki 8 za mwanzo, ambazo watu wakishazilipa huzihesabu kama zimekufa. Hazijafa. Mwezi Februari 2024 serikali yetu ilikopa kwa hati dhamana za miundombinu za miaka minane na nusu, ikaahidi riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, tena isiyotozwa ushuru. Aliyeweka milioni 4.8 humo anapokea takriban shilingi 73,800 kwa kila mwezi ukigawanya, bila kuamka asubuhi kumsikiliza fundi wa bomba. Hizo ni theluthi mbili za kodi ya binti huyu. Riba tamu kama ile haiji kila mwaka, lakini hata kwa nusu yake hesabu inasema neno.

Najua kuna mmoja ananisikiliza kutoka Kangemi, ng'ambo ya pili ya Waiyaki Way, anasema haya ni mambo ya wenye nazo. Subiri ndugu yangu. Hesabu ya fleti ya milioni 20 na ya chumba cha mabati ina mifupa ile ile, na nitafika kwako.

Nirudi kwa binti. Alinijibu vizuri, sikatai. Alisema: Shangazi, kodi hupanda, mkopo haupandi. Ni kweli nusu. Kodi ikipanda asilimia 5 kila mwaka, 110,000 za leo zitafika karibu na 199,000 baada ya miaka 12 hivi. Kuanzia hapo mwenye mkopo anacheka. Lakini ni nani alimwambia mkopo haupandi? Mikopo mingi ya nyumba hapa Kenya riba yake hutembea. Benki Kuu ikipandisha riba yake ya msingi, barua inakufikia. Februari 2024 riba hiyo ya msingi ilifika asilimia 13, na waliokuwa wamekopa wakati wa raha walikiona. Kisha ikaanza kushuka kuanzia Agosti mwaka ule ule, lakini kushuka huchelewa kufika mlangoni kwa mkopaji. Kupanda hufika kesho yake. Wazee watakuambia ya miaka ya 1990, riba za benki zilipopita asilimia 30, watu waliokuwa na kazi nzuri na nyumba nzuri wakaona nyumba zao gazetini, kwenye ukurasa wa madalali.

Kwa hiyo usishangae kwamba nchi nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, ina mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000 tu. Si kwamba Wakenya hawapendi nyumba. Mkenya hupenda nyumba kuliko chakula. Hujenga kwa kiraka: mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, mabati yakisubiri bonasi. Serikali iliunda kampuni ya kuzipa benki na sako pesa za mikopo ya riba nafuu, inaitwa KMRC, na hilo ni jambo jema, ila mikopo yake ya nyumba nafuu ina dari, na dari hiyo haifiki milioni 16.

Tulipochoka na tarakimu, nikamwuliza swali lililokuwa likinikera tangu alipofungua bahasha. Unataka nyumba hii, au unataka kuacha kuitwa mpangaji?

Akanyamaza. Kisha akasema kwamba kwenye chama chao, wanawake kumi na wawili, amebaki yeye na mwenzake mmoja tu ambao bado wanapanga. Kila mkutano kuna anayeonesha picha za jiko lake jipya.

Hapo ndipo penye kidonda. Wahenga wetu walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, nasi tukaichukua methali hiyo tukaivika nyumba. Na sisi watu wa Nairobi tuna sababu ya ziada ya kuuogopa upangaji. Chini ya mkoloni, upande huu wa magharibi, pamoja na Spring Valley, ulikuwa wa Wazungu. Wahindi walikuwa Parklands na Ngara. Mwafrika alilala huku kama mtumishi tu, kwenye vile vyumba vya uani ambavyo leo mawakala wanavipaka rangi na kuvipangisha kwa jina la esikyu. Wengine wetu tulitiwa Eastlands, Makongeni kwa watu wa reli, Ziwani na Kaloleni kwa nyumba za manispaa. Nyumba ilifuata kazi. Ukiachishwa kazi, unaachishwa na kitanda. Hata waliojijengea hawakupona: kijiji cha zamani cha Pangani, ambako wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe na wapangaji wao, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyewe wakahamishiwa Shauri Moyo. Mji uliotulea hivyo hauwezi kukosa kutuachia hofu ya mwenye nyumba.

Lakini hofu si hesabu. Na tena, Mkenya ana jibu lake la kale kwa hofu hiyo, hata kama hulisemi ukiwa na wenzako wa chama. Kiswahili kina nyumba, kisha kina nyumbani. Ni silabi moja tu imeongezwa, na silabi hiyo iliwahi kufikishwa mahakamani. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema la, atazikwa Nyalgunga, Siaya. Wakapelekana mpaka Mahakama ya Rufaa, na hoja iliyorudiwarudiwa ni hii: Mjaluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, tena nzuri, lakini nyumbani kwake ni kwa baba zake. Marehemu alizikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa.

Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa Wambui. Mimi moyo wangu ulikuwa upande wake na bado uko huko. Nasema kwamba taifa zima lilisimama redioni miezi mitano kusikiliza tofauti ya nyumba na nyumbani, na hatujaisahau. Sensa ya mwaka 2019 inaonesha hivyo hivyo. Ukichukua nchi nzima, kaya sita katika kila kumi zinaishi kwenye nyumba zao wenyewe. Njoo Nairobi: kaya tisa katika kila kumi zimepanga. Watu wengi wa hizo kaya tisa si maskini wa nyumba. Wana nyumba Siaya, Murang'a, Makueni, Vihiga, nyumba ya vyumba vinne yenye vigae, inayolala na popo miezi kumi na moja na kuamka Desemba. Binti wa kaka yangu anayo moja kama hiyo pale kwetu, aliijenga na mumewe. Sasa mtu mwenye nyumba tayari anapata wapi aibu ya mpangaji?

Akasema, "Ile si yangu, ni ya nyumbani." Umeona?

Tuiache hapo, twende kwenye jambo ambalo mawakala hawalitaji. Fleti ya Nairobi ukishainunua, umenunua nini hasa? Ardhi nyingi ya mji huu ni ya kukodishwa kutoka serikalini. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena isizidi miaka 99, lakini hata sisi raia wengi wetu tumekaa juu ya ukodishaji wa miaka 99 ulioanza zamani. Ukiambiwa milioni 20, uliza miaka mingapi imebaki. Kila mwaka utailipa serikali kuu kodi ya ardhi na serikali ya kaunti reti zake. Kisha kuna ada ya huduma ya jengo: walinzi, lifti, jenereta, kisima, taka. Ada hiyo haina mwaka wa kuisha. Hati nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi mnunuzi wa fleti alipewa mkataba mrefu wa kukodi, hati mama ikabaki kwa mjenzi au kwa kampuni ya kusimamia jengo. Sheria ya mwaka 2020 ilikuja kusema kila mwenye fleti apate hati ya sehemu yake. Kuna majengo yaliyobadilisha, kuna yanayosuasua mpaka leo. Nilimwambia binti aulize swali moja tu kwa mwenye nyumba: hati ya fleti hii iko wapi, nataka kuiona. Alipiga simu nikiwa nimekaa pale. Jibu lilikuwa refu mno kwa swali fupi namna ile.

Na jina lenyewe la mtaa litufundishe. Spring Valley ni bonde la chemchemi. Bonde lina mto na mto una mipaka yake, hata ukiuona mwembamba kama mrenda. Agosti 2018 tingatinga liliangusha Ukay Centre pale Westlands, hatua chache tu kutoka huku, jengo la maduka ambalo watu walikuwa wamelizoea miaka mingi, kwa sababu lilikuwa limekalia njia ya maji. Oktoba 2023, kule Athi River, nyumba za watu zilibomolewa kwenye ardhi ya kampuni ya East African Portland Cement. Waliokuwa ndani walikuwa wamenunua viwanja wakajenga, wakiamini wamenunua kwa wenyewe. Mpangaji wa nyumba kama hizo hupoteza amana ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hupoteza maisha yake ya kazi. Aprili 2021 rekodi za ardhi za Nairobi zilianza kuwekwa kwenye mtandao wa Ardhisasa. Tumia huo, kisha nenda kwa miguu uwaulize majirani na walinzi. Walinzi wa Nairobi wanajua nyumba ipi ina kesi.

Basi nimefanya kupanga kuwe pepo? La. Mpangaji wa Spring Valley hana sheria ya kumdhibitia kodi. Iko sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, lakini inawahusu wanaolipa shilingi 2,500 kwa mwezi kurudi chini. Leo hicho ni chumba cha mabati, ukibahatika. Hapo juu kinachokulinda ni karatasi uliyotia sahihi, na wengi hawaisomi. Mimi niliwahi kuhama nyumba nikaambiwa amana yangu imeliwa na rangi. Rangi ya chumba kimoja! Mwenye nyumba akiamua mwanawe amerudi kutoka ng'ambo na anataka kukaa pale, utafunga virago katikati ya muhula na watoto wana mitihani.

Na kuna uzee. Hili ndilo linaloninyima usingizi, si aibu ya chama. Mshahara una mwisho, kodi haina. Waliochukua nyumba za Buru Buru miaka ya 1970 kwa mikopo ya Housing Finance, kampuni iliyoanzishwa 1965, walilalamika sana juu ya malipo yao. Kisha bei za kila kitu zikapanda, mishahara ikapanda, deni likabaki pale pale, uzito wake ukipungua kama sabuni. Leo wazee wale wanakaa bure, na wengine wameongeza vyumba uani na kupangisha. Walinunua nyumba ya kiasi, kwa deni la kiasi, wakiwa vijana.

Ndugu yangu wa Kangemi, hapa ndipo kwako. Huhitaji kununua pale unapolala. Panga karibu na kazi, ununue unapomudu, iwe kiwanja Joska au Juja, kwa pesa ya sako na bila kumfurahisha mtu. Angalia hati kwanza.

Binti nilimpa kipimo changu mwenyewe, si cha benki. Malipo ya mkopo yasizidi kodi ya nyumba ile ile na robo yake. Kodi ni 110,000, ongeza robo, ni 137,500. Kwa riba ya asilimia 14 pesa hizo zinabeba mkopo wa milioni 11, basi. Maana yake aje na milioni 9 mkononi, si 4. Au mwenye nyumba ashuke bei, na kwa vibao ninavyoviona Lower Kabete Road, baadhi yao watashuka. Kabla ya hapo, amwombe mkataba wa miaka miwili, wakili auandike vizuri ili hata fleti ikiuzwa mnunuzi amkute ndani kihalali. Zile milioni 4 aziweke mahali zizae.

Hakufurahi. Alikusanya karatasi zake, akaniambia mlangoni: "Shangazi, wewe ni mwoga." Labda ni kweli. Siku ya nne akanitumia ujumbe kwamba ameomba tena kuiona hati, na mwenye nyumba tangu hapo hashiki simu.

Nawe ukiwa na bahasha ya namna hiyo mezani, usitie sahihi wiki hii. Mimi nimepanga Nairobi miaka 27. Leo ni tarehe 3, kodi yangu inatakiwa kabla ya tarehe 5, na sijalipa. Kwaheri.